N au HO, kuzungusha au kushanti: namna ya kuchagua uwanja wa treni ndogo

Wengi wetu wapenzi wa treni ndogo za mfano huanza kwa kununua kichwa cha treni. Unakiona, unakipenda, unakileta nyumbani, kisha ndipo unapoanza kutafuta pa kukikimbizia. Mimi nilianza na kichwa cha treni ya abiria ya mwendo kasi na mabehewa manne marefu ya HO (kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87; N ni ndogo zaidi, 1:160), nikatandika reli juu ya ubao wa sentimita 120 kwa 90. Treni ilizunguka, lakini kila ilipofika konani matumbo ya mabehewa yalitokeza upande wa ndani na ncha zake upande wa nje, na nikiirudisha kinyumenyume behewa la tatu liliacha reli. Nilikagua magurudumu, nikakagua viungo, sikuona kibovu. Vifaa vyote vilikuwa vizima, ila havikuwa vya ubao ule.

Ndiyo maana ulinganisho huu nimeuanzia kwingine. Kabla ya kipimo, kabla ya umeme, kabla ya aina ya reli, kuna swali moja linaloamua karibu yote yanayofuata: unataka treni yako ifanye nini?

Kuzungusha au kushanti

Wako wanaotaka kuiona treni ikienda. Ipite darajani, izame handakini, itokee upande wa pili, ipotee nyuma ya kilima. Mkono umetulia, jicho ndilo linalofurahi. Wako pia ambao treni ikizunguka mara ya tatu wameshachoka. Hao wanataka kazi: kutoa behewa la saruji kwenye reli ya pembeni, kulipachika kati ya mengine mawili, kulisukuma hadi ghalani, kisha kurudi kuchukua tupu. Kazi hiyo ndiyo kushanti, na mtu aliyeizoea anaweza kukaa nayo saa nzima treni isitoke nje ya mita mbili.

Tofauti ya mambo haya mawili inaonekana mara moja kwenye nafasi. Kuzungusha kunakula upana, kwa sababu treni lazima igeuke kila mwisho wa ubao. Kushanti kunakula urefu tu. Rafu ya upana wa sentimita 30 ukutani inatosha. Kwa hiyo mwenye ukuta mtupu lakini hana sakafu tayari ana jibu, hata kabla hajajua kipimo.

Kuna jambo jingine la kuzungusha ambalo watu hawalifikirii mpaka uwanja, yaani ubao pamoja na reli na mandhari yake, umalizike kujengwa: mzunguko unachukua muda gani. Treni ya HO inayoigiza kilomita 100 kwa saa husafiri sentimita 32 hivi kwa sekunde. Kwenye ubao wa mita 2.4 kwa 1.2, duara rahisi lina urefu wa mita tano na nusu. Sekunde 17 tu, treni imerudi ilikotoka. Ndipo unaona umuhimu wa handaki refu, au wa reli mbili zilizofichwa nyuma ya mandhari, treni moja ipumzike huko wakati nyingine inatokea. Bila maficho ya namna hiyo, jicho linaizoea treni haraka mno.

Kwa upande wa kushanti, mfano ninaoupendekeza kwa kila anayeanza ni ule wa Mwingereza Alan Wright, unaojulikana kwa jina la Inglenook. Una pointi mbili tu (pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili) na reli tatu za kuegeshea: moja inabeba mabehewa matano, nyingine mbili zinabeba matatu matatu. Upande wa pili wa pointi kuna kipande kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa kura, na kazi yako ni kuyapanga kwa mfuatano uliotokea kwenye kura. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Ukitumia mabehewa mafupi ya ekseli mbili, uwanja huo wa HO unaingia kwenye ubao wa mita moja na nusu; wa N unaingia kwenye sentimita 80 hivi.

Kama hujui uko kundi lipi, anza na kushanti. Mbao ni chache, reli ni chache, na ukigundua baadaye kwamba moyo wako uko kwenye treni ndefu, ubao huo unageuka kuwa yadi (mahali pa kupanga mabehewa) ya uwanja mkubwa. Duara dogo halina bahati hiyo. Likishakuwa dogo, aghalabu hubaki hivyo mpaka livunjwe.

N na HO

Hapa ndipo mabishano yalipo, na mengi yanasababishwa na kutopima. Nimechukua behewa la abiria la mita 26.4, urefu wa kawaida Ulaya, pamoja na treni ya kichwa cha mita 19 na mabehewa matano ya aina hiyo:

| Kipimo | Uwiano | Upana wa reli | Behewa moja | Treni nzima |
|---|---|---|---|---|
| O (Ujerumani) | 1:45 | mm 32 | sm 58.7 | m 3.36 |
| HO | 1:87 | mm 16.5 | sm 30.3 | m 1.74 |
| TT | 1:120 | mm 12 | sm 22 | m 1.26 |
| N | 1:160 | mm 9 | sm 16.5 | m 0.94 |
| Z | 1:220 | mm 6.5 | sm 12 | m 0.69 |

Itazame safu ya mwisho. Jukwaa la kituo la HO litakaloipokea treni hiyo linahitaji karibu mita 1.8 za reli iliyonyooka, kabla hujahesabu pointi wala kona. Kwa N jukwaa hilohilo ni mita moja, na uwanja wenye umbo lilelile unachukua chini ya theluthi ya eneo.

Lakini kupunguza meza si faida kubwa ya N. Faida kubwa ni kupata nchi kubwa juu ya meza ileile. Kwenye ule ubao wa mita 2.4 kwa 1.2, treni ya N kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa inakwenda sentimita 17 kwa sekunde. Duara lenye urefu uleule linachukua zaidi ya nusu dakika. Kona inaweza kuwa pana. Mlima unaweza kuwa mlima, usiwe kichuguu. Treni inaonekana ndogo ndani ya mandhari, kama inavyoonekana ukiwa umesimama ng'ambo ya bonde. Kwa anayependa kuzungusha, sijaona HO ya nyumbani inayofikia hapo bila kuchukua chumba kizima.

Sasa upande wa pili. Chama cha Marekani cha hobi hii, NMRA, kinapendekeza behewa la HO lenye urefu wa inchi 6 liwe na uzito wa gramu 113 hivi. Behewa la N la aina hiyohiyo, kwa kanuni yao, halifiki gramu 30. Uzito ndio unaobana gurudumu kwenye reli. Katika kuzungusha, wepesi huo hauna madhara makubwa, maana treni inavutwa na haisimamisimami. Katika kushanti ni habari nyingine: unasukuma, unasimama, unaanza tena kwa mwendo wa konokono, na kila punje ya vumbi ambayo kichwa cha HO kingeikanyaga bila kujali inakizimisha kichwa cha N. Viunganishi navyo ni vidogo mno kwa kidole, na kuachanisha mabehewa kwa mkono katikati ya yadi iliyojaa kunachosha. Vichwa vya N vya miaka hii vinakwenda vizuri kuliko vya zamani, vingi vikichukua umeme kwa magurudumu yote, lakini tofauti bado ipo na mkono unaihisi.

Halafu kuna macho. Mtu mzima wa kawaida katika HO ana kimo cha milimita 19 au 20. Katika N hata milimita 11 ni za mrefu. Ukipenda kupaka rangi mashati, kuandika namba za mabehewa, kujenga jengo lenye madirisha yanayofunguka, HO inakupa mahali pa kuweka kazi yako, na mtazamaji ataiona. Kwa N, kazi hiyohiyo inamezwa na ukubwa wa mandhari.

Hukumu yangu basi: kuzungusha ni N, kushanti ni HO. Anayetaka kuzungusha kwa HO ajiandae kwa nusu kipenyo cha kona kisichopungua sentimita 60 kama mabehewa yake ni marefu, au achague treni fupi: vichwa vidogo, mabehewa ya ekseli mbili, njia za mashambani. Treni fupi kwenye kona kali inapendeza kwa sababu reli za kweli za namna hiyo nazo zilijipindapinda.

TT ingekuwa suluhu nzuri kati ya hao wawili, na kwa miaka mingi imekuwa imara Ujerumani, hasa upande wa mashariki. Tatizo lake ni uchache wa vifaa kwingineko. Z ililetwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972 na ni ya ajabu kuitazama, lakini siipendekezi kwa uwanja wa kwanza. O mpe mwenye ukuta mrefu na hamu ya kujenga kichwa kimoja kwa mwaka mzima.

Tahadhari moja kabla ya kununua, kwani majina yanafanana na vipimo havifanani. Waingereza wanatumia OO, ambayo ni 1:76 juu ya reli ileile ya milimita 16.5. Gari la OO litapita kwenye reli ya HO bila shida, lakini likisimama kando ya jengo la HO utaona kuna kilichokosewa. N yao ni 1:148. Japani treni nyingi za N ni 1:150, ila zile za Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, ni 1:160. Na kama unachopenda ni reli nyembamba, zenye upana wa mita moja, kama zile za kampuni ya Rhaetian huko Uswisi, kuna HOm: uwiano wa 1:87 juu ya reli ya milimita 12. Mabehewa yake ni mafupi, kona zake ni kali, milima yake ni mirefu. Kwa mtu mwenye nafasi ndogo anayependa HO, hii ni njia ya kweli, ingawa vifaa vyake si vingi.

Reli ya vipande au reli ya kunyumbulika

Reli ya vipande yenye kitanda chake cha plastiki, kama Unitrack ya Kato au C-Gleis ya Märklin, unaibana kipande kwa kipande, unaendesha, unaivunja, unaipanga upya. Viungo vyake hushika umeme vizuri, na unaweza kuijaribu sakafuni kabla hujakata ubao hata mmoja. Reli ya kunyumbulika huja kwa urefu wa sentimita 91 hivi. Unaipinda kwa mkono, unaikata, unailehemu, unaimwagia kokoto mwenyewe. Kona yake inafuata mchoro wako. Ya vipande inafuata hesabu za kiwanda.

Kwa muda mrefu nilidhani ya vipande ni ya watoto. Nilibadilika nilipoona uwanja wa N wa Unitrack ambao mwenyewe alikuwa amepaka reli rangi ya kutu pembeni na kumwaga kokoto halisi juu ya kitanda cha plastiki. Ukiwa umesimama hatua moja mbali, huwezi kutofautisha. Kwa kuzungusha, na hasa kwa asiye na uzoefu wa kulehemu, ya vipande ndiyo nzuri. Kwa yadi, ambapo pointi zinabanana na kila sentimita ina kazi, ya kunyumbulika haina mpinzani.

Wenye jicho kali watazame pia kimo cha reli. Reli ya "code 100" (namba hiyo ni kimo kwa sehemu za elfu za inchi) ina kimo cha milimita 2.54, ambacho katika HO kinawakilisha reli ya milimita 221. Reli nzito ya kweli ya Ulaya ina 172. Code 75 inakuja karibu sana: 166. Katika N, code 80 iliyozoeleka inawakilisha reli ya milimita 325, karibu mara mbili ya ile ya kweli, na code 55 inapunguza kasoro hiyo sana. Magurudumu ya zamani yenye kingo ndefu yanaweza kugonga mataruma kwenye reli fupi, kwa hiyo mwenye mabehewa ya kurithi ayajaribu kwanza.

Umeme: DC au DCC

Katika DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, kidhibiti kinapeleka volti kwenye reli, mpaka 12, na kila kichwa kilichosimama hapo kinaondoka. Ukitaka kimoja kisubiri, lazima ukate reli vipandevipande na kuweka swichi za kuzima kila kipande. Katika DCC, yaani uendeshaji wa kidijitali, reli ina umeme muda wote, na kila kichwa kina dikoda, kifaa kidogo cha kupokea amri, yenye namba yake. Unaita namba 3, namba 3 peke yake inatii. Mfumo huo ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA ikaufanya kanuni ya pamoja katika miaka ya 1990, ndiyo maana dikoda ya kampuni moja inafanya kazi na kidhibiti cha nyingine.

Ushauri wa kawaida ni kwamba DCC ni ya viwanja vikubwa. Mimi naona kinyume. Duara mbili, treni mbili, vidhibiti viwili vya DC: hakuna kinachokosekana. Yadi ndogo yenye vichwa viwili vinavyopishana ndiyo inayopata faida hasa, kwa sababu dikoda nzuri inasawazisha mota kwenye mwendo wa polepole na huhitaji kukatakata reli. Tatizo la DCC ni kuwa na vichwa ishirini vya zamani: kila kimoja kinahitaji dikoda, na vile ambavyo mota yake inagusa fremu ya chuma vinahitaji kutenganishwa kwanza, la sivyo dikoda inaungua. Vipya vingi vina soketi. Hapo ni suala la kuchomeka tu.

Jambo moja haliponyeki kwa mfumo wowote wa reli mbili bila kifaa cha ziada: njia inayojirudia yenyewe, treni ikarudi kwenye reli ileile ikitazama ilikotoka. Reli ya kulia inakutana na ya kushoto na unapata shoti. Märklin ya HO, ambayo inachukua umeme kwa vinundu vya katikati ya reli, haina tatizo hilo. Lakini magari yake hayachanganyiki na ya reli mbili hivihivi.

Ubao

Plaiwudi au povu gumu. Plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 juu ya fremu inabeba skrubu, mota za pointi na magoti ya mtu. Povu gumu ni jepesi na unalichonga bonde chini ya usawa wa reli kwa kisu, jambo ambalo kwenye plaiwudi tambarare ni taabu. Ila baadhi ya gundi na rangi za kupuliza hulila. Mimi huweka povu la sentimita tano juu ya fremu ya mbao na sijawahi kujutia. Muhimu kuliko vyote viwili ni mkono wako: chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 75 kutoka ukingoni hutakifikia treni ikianguka.

Kuboresha ulichonacho au kubomoa

Uwanja ukishaanza kukuudhi, nyundo inavutia. Kabla ya kuishika, tafuta ni kitu gani hasa kinachoudhi, kwa sababu maudhi mengi yana tiba ndogo.

Treni inapungua mwendo upande wa mbali wa uwanja? Umeme unapotea kwenye viungo vya reli. Pitisha waya mkuu mnene chini ya ubao na utoe humo nyaya fupi kwenda kila kipande cha reli. Ni kazi ya siku moja chini ya meza, na hakuna marekebisho mengine yanayobadilisha uendeshaji kiasi hicho. Treni inazima juu ya pointi? Angalia moyo wa pointi, pale reli mbili zinapokatana. Ukiwa wa plastiki, kichwa kifupi kinapoteza umeme hapo. Pointi yenye moyo wa chuma uliopewa umeme inamaliza tatizo, ingawa inataka waya mmoja zaidi na swichi. Mabehewa yanaanguka? Yapime uzito, ongeza vipande vya madini ya risasi au nati ndani, badilisha magurudumu ya plastiki kwa ya chuma, ambayo pia hayachafui reli upesi. Reli chafu ifute kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa, na usiisugue kwa msasa. Mikwaruzo ndiyo inayoshika uchafu.

Kama kinachoudhi ni sura, anza na rangi. Pande za reli zikipakwa kahawia ya kutu, uwanja mzima unabadilika jioni moja, na gharama ni kichupa cha rangi. Kisha kokoto: zimwage, zipange kwa brashi, zilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, halafu dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Kisha ubao wa anga nyuma. Majengo na miti ndiyo ya mwisho, ingawa ndiyo tunayoyanunua kwanza.

Yapo yasiyoponyeka. Kona kali kuliko magari yako, na mwinuko uliozidi asilimia 4 ambao treni haiupandi, havirekebishiki bila kung'oa. Ubao uliopinda vilevile. Hapo bomoa, lakini bomoa kipande hicho peke yake.

John Allen wa Monterey, California, alijenga uwanja wa HO ambao wapenzi wa hobi hii wanauzungumzia hadi leo, Gorre & Daphetid. Aliuanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ubao mdogo wa duara, na alipofika kwenye ule mkubwa uliojaza chumba cha chini cha nyumba yake hakuutupa ule wa kwanza. Aliupachika ndani yake, ukawa pembe moja ya milima. Mwaka 1973, siku chache baada ya kifo chake, moto uliteketeza sehemu yake kubwa.

Kwa hiyo unapochora uwanja wako wa kwanza, iwe N ya kuzungusha au rafu ya HO ya kushanti, acha reli moja ifike hadi ukingoni kabisa mwa ubao, hata kama kwa sasa inaishia kwenye kizuizi. Ifike ikiwa imenyooka, angalau sentimita 10 za mwisho, na chini yake fremu iwe na mashimo mawili ya bolti. Hapo ndipo ubao wa pili utakapofungwa.